Limita ya Laki Nne au Ekari Mbili za Mpunga?

Kama mwenzi wako anarekodi muziki nyumbani, basi wewe na mimi ni ndugu. Unajua maana ya kuambiwa uzime feni saa nane mchana mwezi wa pili. Unajua kula ugali kimyakimya kwa sababu chumba cha pili kuna kijana anarudia kiitikio chake kwa mara ya kumi na saba.

Sisi tunaishi Ifakara, maeneo ya Kibaoni, nyumba ya kupanga. Mimi ni mwalimu. Yeye ni mhasibu, na nakuomba uikumbuke hiyo kazi yake maana mbele itakuchekesha. Chumba tulichopanga kiwe cha wageni kina magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani, meza, kompyuta mpakato, kadi ya sauti yenye matundu mawili, na maiki moja iliyovalishwa soksi yangu. Wageni wanalala sebuleni.

Sina ugomvi na muziki. Nilimpenda akiwa ameshika gitaa, na huu ni mkoa uliotupa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kwa hiyo kukataza muziki ndani ya nyumba ya Morogoro ni kama kukataza wali. Ugomvi wetu ulihusu kifaa kimoja tu kinachoitwa limita. Uliingia kwenye kibubu, ukatoka na mshiko, na kwa siku mbili ukatunyima hata salamu.

NOTI YA UBETI WA TATU

Ilikuwa Jumamosi, tunarekodi wimbo wa kwaya yetu. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Beti mbili za kwanza zilikwenda vizuri, sauti ya chini, ya kubembeleza. Ubeti wa tatu una noti moja ndefu ya juu, ile ambayo kanisani huwafanya akina mama wa benchi la nyuma wapige vigelegele. Nikaiachia. Nilijua nimeipata. Siku hiyo sikuwa na mafua, sikuwa na hasira na mtu, nilikuwa nimekunywa maji ya uvuguvugu. Noti ilitoka kama ilivyotakiwa kutoka.

Tulipoisikiliza ikasikika "krrrr".

Mume wangu akanionyesha kwenye kioo. Wimbi la sauti lilikuwa linapanda na kushuka kama vilima vya Udzungwa, lakini pale kwenye noti yangu vilele vyote vilikuwa bapa, kama majani yaliyopitiwa na fyekeo. Akasema sauti ilizidi uwezo wa kadi. Mita za kompyuta zina sifuri juu kabisa, na juu ya sifuri hakuna kitu, kinachozidi hukatwa na hakirudi. Akashusha pumzi: "Hapa mke wangu tunahitaji limita."

Nikamuuliza hiyo ni mboga au dawa.

Kwa faida yako wewe ambaye hujalala na mhasibu anayejiita prodyuza, limita ni mkono mwepesi uliokaa juu ya kitufe cha sauti. Unaipa kikomo. Sauti ikiwa chini ya kikomo, mkono haugusi kitu. Sauti ikitaka kuvuka, mkono unaipunguza kwa kasi kubwa, halafu inaposhuka unaiachia irudi kama kawaida. Haikati kichwa kama fyekeo, inakiinamisha ili kipite mlangoni. Ndugu yake ni kompresa, ambaye hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Kompresa inakusihi, limita inakuamuru.

Si kitu kigeni hata kidogo. Kila kituo cha FM unachosikiliza kina limita mbele ya mtambo wa kurushia, maana sauti ikizidi kiwango mawimbi yanachafuka na kumsumbua jirani kwenye masafa. Studio kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa nazo tangu enzi za redio za taa. Fairchild 670, mashine ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ina taa 20 ndani yake na uzito wa takriban kilo 30, na leo wanaozikusanya huzinunua kwa makumi ya maelfu ya dola. Mume wangu aliniambia habari hizo kwa macho ya mtu anayesimulia mahari.

KIBUBU

Yeye hakutaka Fairchild, namshukuru Mungu. Alitaka boksi la kawaida, lile jembamba jeusi lenye vitufe vingi mbele, la wale Wajerumani wa Behringer. Duka moja la vifaa vya muziki Kariakoo lilimtajia zaidi ya laki nne, nauli ya mzigo hadi Ifakara haijahesabiwa.

Sasa, laki nne ndiyo iliyokuwa kwenye kibubu chetu, na kibubu kilikuwa na kazi. Ukiishi bonde la Kilombero, hata uwe mwalimu, hata uwe daktari, una jicho moja shambani. Tulikuwa tumeshaongea na mzee mmoja upande wa Lumemo atukodishe ekari mbili, na sehemu ya pesa ilikuwa ya trekta. Mvua zikikukuta hujalima, mwaka huo utanunua mchele dukani, tena hapa Ifakara. Aibu hiyo siwezi kukueleza.

Nikasema hapana. Akanyamaza. Kunyamaza kwake huwa nakufahamu, kwa hiyo jioni nikamuuliza kwa upole, na ndipo aliponiambia: alikuwa ameshatuma kianzio cha laki moja kwa simu. Bila kunishirikisha. Mhasibu.

Dada zangu, niliumia. Na sikuumia kwa sababu ya laki moja, maana mimi mwenyewe nimewahi kununua vitenge na kuviacha kwa shosti wangu wiki nzima. Niliumia kwa sababu kibubu kile tulikianza usiku wa pili baada ya harusi, tukiwa na elfu tano, na tulikubaliana kwamba hakifunguliwi na mkono mmoja. Siku mbili tukapishana ukumbini kama wapangaji.

Siku ya tatu nilifanya kitu ambacho nadhani wanawake wengi hatukifanyi: badala ya kukataa kifaa kwa sababu sikielewi, niliamua kukielewa. Nikamwambia, "Sawa. Nithibitishie kwamba hilo boksi lingeokoa noti yangu. Ukithibitisha, mpunga basi."

BOKSI LA KUAZIMA

Tuna rafiki anayepiga muziki kwenye harusi, yeye analo boksi kama hilo. Akatuazima siku moja ya katikati ya wiki, siku ambayo hakuna anayeoa.

Mume wangu alifungua mkebe kama mtu anayefungua keki. Akatoa waya. Akaangalia nyuma ya boksi, akaangalia nyuma ya kadi yetu ya sauti, akaangalia tena boksi. Dakika kumi nzima. Mwisho akakaa kitandani.

Tatizo lilikuwa hili, na kama unafikiria kununua naomba ulisome mara mbili. Ili limita ya boksi iokoe sauti, lazima ikae katikati: baada ya kile kikuza-sauti kinachoipa maiki nguvu, lakini kabla ya sauti haijageuzwa kuwa namba za kompyuta. Kwenye miksa kubwa za studio kuna tundu maalumu la kupitishia kifaa hapo. Kadi nyingi ndogo za matundu mawili, kama yetu, hazina. Kikuza-sauti na kigeuzi vimefungiwa ndani ya kopo moja. Boksi halina pa kuingilia. Maana yake, baada ya laki nne ungehitaji tena kikuza-sauti cha pembeni, na waya za kukiunganisha, na laki nyingine.

Hakukata tamaa, wanaume hawa. Rafiki yetu alikuwa ameleta na miksa yake ya harusini, tukaunganisha kwa kupitia huko. Limita ikafanya kazi kweli, sitaki kuidhulumu: nilipopiga kelele taa nyekundu ikawaka na sauti ikainama. Lakini tuliponyamaza, kwenye spika za masikioni kulikuwa na "shhhhh" kama ya jiko la mchina linalokaribia kuzimika. Miksa, boksi, waya tatu za ziada, kila kimoja kilikuwa kimechangia ushuzi wake. Nisamehe neno hilo, ndilo alilolitumia mume wangu.

Na hapo ndipo rafiki yetu wa harusini, akiwa anakunja waya zake, akauliza swali la bure: "Kwani hiyo gaini mlikuwa mmeiweka wapi?"

SHUBIRI MBILI NA KITUFE KIMOJA

Gaini ni kile kitufe cha kwenye kadi kinachosema maiki ipewe nguvu kiasi gani. Mume wangu alikuwa anakipandisha mpaka mita inakaribia sifuri, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Na waliomtangulia hawakukosea kwa wakati wao. Kwenye kanda za kaseti, ukirekodi chini sana unasikia kanda inaunguruma kuliko mwimbaji. Hata kompyuta za mwanzo zilizorekodi kwa biti 16 zilikuwa na nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kimya na kelele. Kadi za leo, hata hizi za bei nafuu, hurekodi kwa biti 24, ambazo kwa hesabu ni desibeli 144. Nafasi ni kubwa kuliko uwezo wa chumba chako chenyewe kuwa kimya. Hakuna sababu ya kubanana na dari.

Kwa hiyo tukaweka hivi: mwimbaji anaimba ile sehemu yake kali kuliko zote, si ile ya kubembeleza, na kitufe kinashushwa mpaka kilele kinagota kwenye kumi au kumi na mbili chini ya sifuri. Halafu hakiguswi tena. Mimi nikawa nasimama shubiri mbili kutoka kwenye maiki, na nikifika ubeti wa tatu narudi nyuma nusu hatua. Umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua kwa desibeli sita hivi, bure kabisa. Wanamuziki waliorekodi Redio Tanzania zamani, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumba kimoja, wasingeshangazwa na habari hii: mpiga tarumbeta unampangia pa kusimama.

Nikaimba tena. Noti ikaja nzima, na kilele chake ni kilima, si meza.

Sauti ilikuwa ndogo, ni kweli, ukilinganisha na nyimbo za redioni. Lakini ndogo na safi unaweza kuikuza kesho. Iliyokatwa haiungwi vizuri hata na programu ya kulipia. Limita ya ndani ya kompyuta nayo isingeiokoa noti ile ya kwanza, maana programu hupokea sauti ikiwa imeshakatwa. Hapo ndipo wengi hupotea. Limita ya programu kazi yake ni ya mwisho, wimbo ukishachanganywa, kuupandisha ufikie sauti ya wenzake bila kugonga sifuri.

Na hiyo, wapendwa, ni ya bure. Mume wangu anatumia LoudMax, iliyotengenezwa na mtu mmoja anayeitwa Thomas Mundt na kugawiwa bila malipo. Ina vibao viwili tu vya kusogeza, kimoja cha kikomo, kimoja cha dari. Kama unarekodi kwa Audacity, ambayo nayo ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000, limita imo ndani. Reaper ina yake pia, na leseni ya Reaper kwa mtu binafsi ni dola 60. Pia hakuna haja ya programu ya wizi yenye virusi vitakavyokula picha zenu za harusi. Nasema kwa uzoefu.

VYURA WA LUMEMO

Ungedhani mambo yameisha. Sasa alikuwa na limita, na haikuwa imemgharimu hata shilingi. Unajua mtu akipewa pilipili ya bure.

Alivuta kile kibao cha kikomo chini, chini, chini, mpaka wimbo wa kwaya ukawa na kelele kama tangazo la mnada. Akaniita kwa furaha. Nikasikiliza. Nikamwambia, "Ngoma imekufa." Na ilikuwa imekufa kweli: kila alipopiga mpigaji, ile "tu!" ilikuwa imegeuka "fu". Uhai wa ngoma upo kwenye ule mshtuko wa kwanza, na mshtuko huo ndio kilele, na kilele ndicho limita inachokila. Kwa watu wa bonde hili, ambao ng'ambo ya mto tuna Wapogoro na ngoma zao za sangula, ngoma ya "fu" haichezeki.

Kisha nikasikia kitu kingine. Kabla ya ubeti wa kwanza, pale ninapovuta pumzi, kulikuwa na sauti. Krou, krou, krou.

Vyura! Tulirekodi jioni, na majaruba yako karibu. Vyura walikuwepo tangu mwanzo, lakini chini mno. Ukiinamisha vilele na kupandisha vingine vyote, unapandisha na vilivyokuwa vimejificha: vyura, feni ya jirani, bodaboda inayopita, tumbo la mwimbaji. Kwaya yetu ilikuwa imepata sauti ya tano.

Tulicheka mpaka tukalia. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu habari ya kianzio. Akarudisha kibao juu taratibu huku mimi nikisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, nikimwambia "bado... bado... hapo!" Tulipofungua macho, limita ilikuwa inapunguza desibeli mbili hadi tatu tu, tena kwenye vilele vikubwa peke yake. Muda mwingine wote mkono wake ulikuwa umepumzika. Dari tukaiweka moja chini ya sifuri, kwa sababu faili likibanwa kuwa MP3 vilele huweza kuongezeka kidogo.

Mume wangu alikuwa na hofu kwamba wimbo wetu utasikika mdogo kuliko wa wengine. Hofu hiyo ina historia ndefu. Tangu programu za kukuza sauti zilipoenea miaka ya 1990, studio za dunia nzima zilishindana nani ana kelele zaidi, hadi mwaka 2008 mashabiki wa Metallica wenyewe wakalalamika kwamba albamu ya Death Magnetic imebanwa mno. Siku hizi mashindano hayo yana faida ndogo. Spotify hupima wimbo wote na kuusogeza kwenye kiwango chake, ambacho kwa kawaida ni 14 chini ya sifuri kwa kipimo chao, na YouTube hushusha nyimbo zenye kelele. Ukiibana sana wanaishusha, na unabaki na ngoma ya "fu" kwa sauti ile ile. Redio nayo ina limita yake, inayokuja kuubana wimbo ambao wewe ulishaubana.

KAMA BADO UNATAKA BOKSI

Wapo wanaolihitaji, sitawadanganya. Anayerekodi ibada moja kwa moja, mkutano, au harusi ambapo hakuna kurudia na hujui nani atapiga kelele lini. Kwa huyo, kabla ya boksi la laki nne, kuna miksa ndogo kama Yamaha MG10XU, ambayo matundu yake ya kwanza yana kompresa ya kitufe kimoja inayofanya kazi kabla ya sauti kuingia kompyuta. Si limita kamili, ila hutuliza mengi. Au rekoda ya mfukoni: nyingi zina limita ndani yake, na za kizazi kipya kama Zoom H1essential ya mwaka 2024, iliyotoka kwa bei ya dola 100 hivi, hurekodi kwa biti 32 za aina inayokuwezesha kushusha kilele baadaye bila kukatika, ilimradi maiki yenyewe haijalemewa. Inatumia betri, na sisi tunaoishi karibu na mabwawa ya Kidatu na Kihansi tunajua kwamba kuwa jirani wa umeme si sawa na kuwa nao.

Ukinunua cha mtumba, kiwashe mbele ya muuzaji, vaa spika za masikioni, usiingize sauti yoyote, usikilize kimya chake.

Kuhusu kianzio: dukani hawakurudisha hela. Baada ya simu nyingi, nyingine nilizopiga mwenyewe kwa sauti ya ubeti wa tatu, walikubali tuchukue vitu vya thamani hiyo. Vilikuja na basi. Stendi ya maiki, waya mbili nzuri, na kile kitambaa cha duara cha kuzuia pumzi. Soksi yangu ikarudi kabatini. Laki tatu zilizobaki hazikutosha ekari mbili na trekta, kwa hiyo tulikodi moja na nusu, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyeenda kumweleza yule mzee kwa nini.

Wimbo tuliupeleka redio ya hapa mjini. Ulipopigwa tulikuwa shambani, tunapalilia, redio ndogo ya jirani imetundikwa kwenye mti. Beti mbili zikapita. Mume wangu akasimama na jembe lake, akanitazama. Ubeti wa tatu ukaja, noti ikapanda, ikakaa, ikashuka. Yule mama wa shamba la pili, ambaye hajui kwamba ni mimi, akapiga kigelegele.

Juzi usiku nimemsikia kwenye simu akiulizia bei ya spika za studio. Kibubu nimekihamisha.